Mti Hutunza Kivuli, Shairi Hutunza Jina



Sasa unajua kusoma na kuandika. Tangu ulipojua, umeandika nini? Labda umeandika jina lako katika daftari la kijiji. Labda umemwandikia mtoto aliye mjini. Labda umeandika hesabu za mauzo ya korosho, au namba za simu za ndugu zako. Hayo yote ni mambo ya maana. Lakini mimi ninafikiri iko kazi nyingine ambayo kalamu yako inaingoja. Kazi hiyo ni kumtungia shairi mama yako aliyefariki.

Huenda utasema, "Nitaanzia wapi? Nikimkumbuka mama, maneno hunikauka." Maoni yangu ni haya: anzia kwenye mti. Nenda kwenye mti alioupanda, au mti aliokaa chini yake akifanya kazi. Utazame vizuri, kisha andika. Katika kurasa hizi nitaeleza kwa nini ninafikiri hivyo, na namna ya kuifanya kazi hiyo. Ukimaliza kusoma, zungumza na wenzako darasani. Unaweza kukubali, unaweza kukataa.

1. Mama aliacha nini?

Hebu tufikiri juu ya vitu walivyoacha mama zetu na bibi zetu. Wengi wao hawakuacha barua, kwa sababu hawakufundishwa kuandika. Wengi hawakupigwa picha hata moja. Nyumba waliyoipiga udongo kwa mikono yao iliitwa nyumba ya baba. Shamba walilolilima liliitwa shamba la baba.

Hata majina yetu ni hivyo hivyo. Mtu akijitaja, hutaja jina lake, la baba yake, na la babu yake. Fanya jaribio dogo leo jioni. Mwite mtoto wa miaka 10. Mwulize jina la babu wa baba yake. Huenda akalitaja, kwa sababu wanaume wa ukoo hutajwa kila mara. Kisha mwulize jina la mke wa babu huyo. Katika nyumba nyingi mtoto atanyamaza. Tena si mtoto tu. Na baba yake atanyamaza pia.

Mama huyo alizaa, alilea, alilima, alitwanga, aliteka maji. Bila yeye, ukoo huo usingekuwapo. Lakini baada ya vizazi viwili au vitatu, hakuna anayejua jina lake. Hili ndilo jambo linalonisumbua, na ndilo lililonifanya niandike maoni haya.

Ila kuna kitu kimoja ambacho mara nyingi mama alikiacha. Aliacha mti. Mwembe ulioota katika kokwa alilolitupa uani na kulimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Mpera karibu na jiko. Mnazi alioupanda mtoto alipozaliwa. Mkwaju ambao yeye hakuupanda, lakini alikaa chini yake kila siku akisuka mikeka na ukili. Watu wakipita husema, "Tukutane pale kwenye mwembe wa Bibi fulani." Hapo jina la mama linatajwa. Linatajwa kwa sababu ya mti.

2. Mti una kazi za mama ndani yake

Tumefundishwa faida za miti kwa muda mrefu. Mwaka 1980 vijiji vya Tanzania vilikuwa na kampeni iliyoitwa Misitu ni Mali. Wananchi walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakazungumza na kupanda miti. Walijifunza kwamba mti ni kuni, ni mbao, ni dawa, ni kizuizi cha mmomonyoko wa udongo. Mafundisho hayo yalikuwa ya kweli na bado ni ya kweli. Mimi ninaongeza jambo moja tu: mti ni kumbukumbu.

Nitakupa mfano wa mama yangu mwenyewe. Yeye alizaliwa Unguja, upande wa mashariki, ambako ardhi ina mawe mengi na bahari iko karibu. Uani kwetu ulikuwako mnazi mmoja. Ardhi haikuwa ya mama, lakini mnazi ulikuwa wake. Kwa desturi ya visiwani jambo hilo linawezekana: ardhi huwa ya mtu mmoja, na mti huwa wa mtu mwingine. Kwa hiyo katika dunia hii mama alikuwa na mali moja iliyosimama wima, nayo ni mnazi ule.

Sasa tazama mnazi mmoja ulimfanyia mama kazi ngapi. Makuti aliyasuka, yakaezeka nyumba. Chelewa alizifunga pamoja, zikawa fagio. Kifuu alikitia mpini, kikawa upawa. Nazi aliikuna kwenye mbuzi, akaikamua tui kwa kifumbu. Machicha aliwapa kuku.

Makumbi hakuyatupa. Aliyapeleka pwani maji yalipotoka. Aliyafukia katika tope na kuyafunika kwa mawe, akayaacha kwa miezi mingi yaoze. Kisha aliyafukua akiwa na wanawake wenzake. Walikaa wakayaponda kwa magongo mpaka nyuzi zikatoka. Nyuzi hizo huitwa usumba. Aliuosha usumba, akauanika juani, kisha akausokota kwa viganja vyake mpaka ukawa kamba. Kamba aliziuza. Zilisukia vitanda, zikafungia boriti za nyumba, na fedha zake zilinunua unga na mafuta ya taa.

Viganja vya mama vilikuwa vigumu kama gome. Nilipokuwa mtoto nilidhani viganja vya mama wote duniani viko hivyo.

Unaona, ndugu msomaji? Kama ningekaa nikajaribu kuandika "Mama yangu alikuwa mwema sana," ningekwama hapo hapo. Maneno hayo yanaweza kusemwa juu ya mama yeyote. Lakini nilipoutazama mnazi, nilimwona mama yangu mimi: kumbi, tope, gongo, jua, viganja. Mti ulinipa vitu vya kusema.

Huenda wewe hukai pwani. Huko kwenu kuna mbuyu, na mama yako alipika mboga ya majani yake na kuwapa watoto ubuyu. Au kuna mgomba, na mama yako alifunika chungu cha ndizi kwa majani yake. Au kuna mwarobaini, na mama yako alichemsha majani yake ulipokuwa na homa, ukanywa huku ukikunja uso. Kila nchi ina mti wake, na kila mama alikuwa na kazi yake penye mti huo.

3. Maneno yamo mtini

Watu wengi hufikiri kwamba mshairi huyatoa maneno kichwani mwake tu. Sivyo. Wazee wetu waliyachuma maneno kwenye vitu vilivyowazunguka, na miti iliwapa mengi. Sikiliza methali hizi:

Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba.
Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua.

Ya kwanza hutumika mtu mkubwa wa nyumba anapofariki. Aliyefiwa na mama anaielewa bila kufafanuliwa. Viota vilikuwa tawini. Mti umeanguka, na ndege wadogo hawajui pa kutua. Ya pili hutukumbusha kwamba msaada mdogo hauwezi kuchukua nafasi ya ule mkubwa. Fimbo ina kivuli, lakini si kivuli cha mwembe.

Sasa tazama tunda la mnazi. Kiswahili hakikulipa jina moja tu. Likiwa changa kabisa huitwa kidaka. Likikua kidogo huitwa kitale. Likijaa maji matamu huitwa dafu. Nyama yake ikianza kuwa ngumu huitwa koroma. Likikomaa kabisa huitwa nazi. Je, hayo si maisha ya mtu? Mama alikuwa kidaka mikononi mwa bibi. Akawa kitale akicheza uani. Akawa dafu siku ya harusi yake. Akawa koroma alipopata taabu za dunia. Akawa nazi, akakunwa na kukamuliwa tui kwa ajili yetu.

Mimi sikuyavumbua maneno hayo. Yalikuwa pale, juu ya mnazi. Mtu yeyote wa pwani anayajua. Kilichobaki ni kuyapanga.

4. Mti peke yake hautoshi

Wako watakaosema, "Kama mama aliacha mti, inatosha. Tuutunze mti, hapana haja ya shairi." Mimi sikubali. Mti ni lazima tuutunze, lakini mti hauwezi kutaja jina.

Angalia majina ya mahali. Dar es Salaam kuna Mwembechai, Mwembe Yanga, Mkwajuni na Minazi Mirefu. Mombasa kuna Mwembe Tayari. Miji mingi ina Mbuyuni yake. Kila siku maelfu ya watu huyataja majina hayo wakipanda na kushuka daladala au matatu. Miti imeingia katika lugha, na jina la mahali hudumu hata baada ya mti kukatwa. Lakini ni nani aliyetupa kokwa la mwembe wa kwanza? Ni nani aliyekaa chini ya mkwaju ule akisonga ugali? Majina ya mahali hayasemi. Mti umekumbukwa, mtu amesahauliwa.

Tena miti nayo hufa. Mbuyu huweza kuishi mamia ya miaka, lakini mnazi huzaa kwa miaka 60 au zaidi kidogo, kisha huzeeka. Mwingine hukatwa ili barabara ipite. Mwingine huchomwa mkaa siku fedha zinapokosekana nyumbani. Mnazi wa mama yangu uliliwa na chonga. Chonga ni mdudu mweusi mwenye pembe. Hutoboa kilele cha mnazi na kula moyo wake. Makuti yalilegea moja baada ya jingine, mpaka likabaki gogo tu. Mama alikuwa amefariki miaka 6 kabla ya hapo.

Nitakupa mfano mwingine, wa mtu anayejulikana duniani. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri, nchini Kenya. Alipokuwa mtoto, mama yake alimtuma kuokota kuni. Mama alimkataza asichukue kuni za mugumo, kwa sababu kwa Wakikuyu huo ulikuwa mti wa Mungu. Haukatwi wala hauchomwi. Karibu na mti huo palikuwa na kijito cha maji safi. Mtoto alicheza pale na kutazama mayai ya vyura majini.

Wangari alikwenda Marekani kusoma. Baadaye, aliporudi kwao, alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Alielewa kwamba mizizi mirefu ya mti ule ndiyo iliyoyasaidia maji kutoka ardhini. Mwaka 1977 alianzisha shughuli ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, nayo ikaitwa Green Belt Movement. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011.

Sasa fikiri. Mti wenyewe haupo. Mama aliyeutetea mti hayupo. Na binti yake pia hayupo. Je, wewe na mimi tumejuaje maneno ya mama yule? Tumeyajua kwa sababu binti aliyaandika katika kitabu chake, kilichotoka mwaka 2006. Mugumo ulianguka, lakini neno la mama halikuanguka. Lilikuwa limeandikwa.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Mti hutunza kivuli cha mama. Shairi hutunza jina lake na maneno yake. Vyote viwili vinahitajiwa.

5. "Lakini mimi si malenga"

Huenda unasema, "Mashairi ni ya wasomi. Mimi nimejua kusoma juzi tu." Nitakujibu kwa mifano miwili, kisha kwa mfano wa tatu ambao uko nyumbani kwako.

Mfano wa kwanza ni Mwana Kupona. Alikuwa mama wa kisiwa cha Pate, katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa beti zaidi ya 100. Hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mama aliyeona kwamba siku zake zimekaribia kwisha, naye alikuwa na maneno ya kumwachia mwanawe. Utenzi huo unasomwa mpaka leo. Kama mama aliweza kumtungia binti yake, kwa nini binti asimtungie mama yake?

Mfano wa pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Alipofiwa na mke wake Amina, alimtungia shairi. Katika shairi hilo alimfananisha na ua. Hata mtunzi mkubwa kama yeye, alipopatwa na huzuni, alichukua maneno kutoka kwenye mimea.

Mfano wa tatu ni mama yako mwenyewe. Alikubembeleza kwa wimbo ulipolia. Alitwanga kwa wimbo. Alipalilia kwa wimbo. Alitega vitendawili usiku kabla watoto hawajalala. Mama yako alikuwa mtunzi, ila hakuwa na kalamu. Sasa kalamu iko mkononi mwako. Ukitunga shairi, hujivishi nguo ya wengine. Unaendeleza kazi ya nyumbani kwenu.

6. Namna ya kutunga

Ziko namna nyingi za mashairi. Shairi la kawaida lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una mizani 16. Kwa anayeanza, mimi ninapendekeza utenzi, kwa sababu mistari yake ni mifupi. Kanuni zake ni hizi:

Kila ubeti una mistari minne.
Kila mstari una mizani 8.
Mistari mitatu ya kwanza huishia kwa kina kimoja.
Mstari wa nne huishia kwa kina kingine, na kina hicho hurudi mwishoni mwa kila ubeti mpaka utenzi uishe.

Mizani ni sauti unazozihesabu neno linapotamkwa polepole. Hesabu kwa vidole: m-na-zi ni mizani 3. Ma-ku-mbi ni mizani 3. Ma-ma ni mizani 2.

Kwanza, nenda penye mti. Kama umekatwa, nenda mahali uliposimama. Kaa kimya kidogo. Pili, jiulize maswali: Mama alifanya nini hapa? Kwa mikono au kwa miguu? Asubuhi au jioni? Alikuwa na nani? Alisema nini? Tatu, andika majibu kwa maneno ya kawaida, bila kujali mizani. Nne, chagua vitu vitatu au vinne tu. Tano, vipange katika mistari, ukihesabu vidole. Sita, wasomee ndugu zako. Wao watakukumbusha uliyosahau.

Huu ni utenzi mfupi nilioutunga juu ya mnazi wa mama:

Mnazi ulo uani,
Mrefu huna kifani,
Nieleze kwa yakini
Habari zote za mama.

Makumbi alifukia,
Mawe akafunikia,
Miezi kasubiria,
Kamba zikatoka njema.

Kamba hizo kaziuza,
Madeni akapunguza,
Wala hakujitangaza,
Hakuna aliyesema.

Ubeti wa nne niliuongeza baadaye, chonga walipokwisha kuumaliza mnazi:

Leo mnazi hauko,
Na yeye mama hayuko,
Bali jina lake liko,
Mjukuu wake, soma.

Si utenzi mkubwa. Hautachapwa pamoja na tungo za wakubwa. Lakini juu yake, katika daftari la nyumbani, nimeandika jina kamili la mama, jina la mama yake, na jina la kijiji alichozaliwa. Wajukuu zake ambao hawakumwona wanaujua kwa moyo. Wakati wa kuusema, mdogo wao hufanya kama anasokota kamba kwa viganja. Hakuna aliyemfundisha kusokota. Amejifunza kutoka katika shairi.

7. Sema kweli, wala usiogope machozi

Nina maonyo mawili madogo.

La kwanza: usimpambe mama kupita kiasi. Ukisema kwamba hakukasirika hata siku moja, wasomaji hawataamini, na watoto wako watamwona kama sanamu. Kama alikuwa mkali, sema alikuwa mkali. Kama alichapa kwa chelewa ya fagio lile lile, andika chelewa hiyo. Kama alikuwa mchoka na maskini, sema. Mti una majani na una miiba, na wote ni mti mmoja. Ukweli haumvunjii mama heshima. Unamrudisha nyumbani jinsi alivyokuwa.

La pili ni kwa wale wanaosema kwamba kuandika kutatonesha kidonda. Ni kweli, huenda utalia. Mimi nililia nilipofika kwenye neno "makumbi", nami sikutegemea kulia kwa ajili ya makumbi. Lakini huzuni isiyo na neno hukaa kifuani kama kokwa lililokwama. Ukiipa neno, inapata mahali pa kukaa nje yako. Unaweza kuifunga ndani ya daftari, ukaenda shamba, na jioni ukaifungua tena ukitaka.

Na kama mama yako alifariki ulipokuwa mchanga, hata humkumbuki, usikate tamaa. Waulize shangazi, mama wadogo na majirani wazee. Waulize, "Mama alipenda kukaa chini ya mti gani?" Swali hilo ni dogo, na watu hulijibu kwa urahisi kuliko swali la "Mama alikuwa mtu gani?" Wakianza na mti, watafika kwa mama wenyewe.

Kama mama yako yu hai, una bahati kubwa. Usingoje. Keti naye kivulini wiki hii na daftari lako. Mwulize ni nani aliyeupanda mti huo, na mama yake yeye aliitwa nani. Andika anavyosema, mbele yake. Kisha msomee. Mama aliyesikia maneno yake yakisomwa kutoka katika karatasi, na mtoto wake ndiye anayeyasoma, hupata furaha ambayo haiwezi kununuliwa.

8. Kwa hiyo

Ninapendekeza kwamba kila darasa la kisomo liwe na daftari moja kubwa. Kila mwanafunzi aandike humo utenzi mmoja juu ya mti wa mama yake, hata kama ni beti mbili tu. Juu ya kila utenzi aandike jina la mama, jina la mti, na mahali ulipo au ulipokuwa. Daftari hilo litunzwe shuleni au katika ofisi ya kijiji. Ambaye hana mti wa mama, apande mmoja sasa, kisha atunge.

Baada ya miaka 50, baadhi ya miti hiyo itakuwa imeanguka, na wengi wetu hatutakuwapo. Lakini mtoto wa kijiji atalifungua daftari na kusoma kwamba hapa, palipo na kituo cha basi, palikuwa na mkwaju, na chini yake mama fulani alisuka mikeka. Atalitaja jina lake kwa sauti.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Je, unakubali kwamba mti peke yake hautoshi kumkumbuka mama? Toa sababu.
2. Je, unaweza kutaja majina ya bibi zako wote wawili? Na majina ya mama zao?
3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani panaitwa kwa jina la mti? Je, mti huo bado upo?
4. Mwandishi anasema tusimpambe mama kupita kiasi. Wengine husema marehemu asemwe kwa mema tu. Wewe unaonaje?

Kazi ya kuandika

Andika ubeti mmoja wa utenzi juu ya mti ulio karibu na nyumba yako. Hesabu mizani kwa vidole. Mpe mwenzako ahesabu pia.

Maneno ya kujifunza

chelewa: vijiti vya kuti la mnazi vinavyotengenezewa fagio
chonga: mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi
kifumbu: mfuko mdogo wa ukili wa kukamulia tui
kina: sauti ya mwisho inayofanana katika mistari ya shairi
malenga: mtunzi mkubwa wa mashairi
ubeti: fungu moja la mistari ya shairi
usumba: nyuzi za makumbi zinazosokotwa kamba